Kujitoa na Kujitolea

Baina ya kujitoa na kujitolea pana silabi moja tu, lakini silabi hiyo hugeuza mwendo mzima wa mtu. Aliyejitoa katika chama ameondoka. Aliyejitolea kwa chama ameingia. Hata yule anayesemwa kuwa amejitoa mhanga, pamoja na heshima zote anazostahiki, mwisho wake ni kuondoka. Wanasarufi huiita silabi hiyo alama ya kauli ya kutendea, na hufundisha kwamba kazi yake ni kumwingiza mtendewa ndani ya kitenzi. Kwa hivyo lugha yenyewe imekwisha kutoa sharti kabla ya mwanafalsafa yeyote kufungua kinywa: hapana kujitolea pasipo mtu wa pili. Mwenye kutaka kuipima hisani yake hana budi aanze kwa kumtazama huyo wa pili, aulize ni nani, ana nini tayari, na atabaki na nini baada ya mgeni wake kwenda zake.

Suali hilo huwa zito zaidi pale mtu wa pili anapokuwa mtoto wa miaka mitano, na kitu anachopewa kikawa si uji wala daftari bali ni maneno. Uji ukimwingia mtoto tumboni haumwondolei kitu. Maneno yana tabia nyengine. Huweza kumfungulia mtoto mlango, na huweza pia kumwambia, bila ya yeyote kukusudia, kwamba maneno aliyokuja nayo kutoka kwao hayafai kitu. Je, anayeingia katika darasa la watoto wadogo ili kuwakuza katika lugha, bila ya ujira, anawapa vazi la pili, au anawavua moja na kuwavisha jengine?

Pahala pa kulipimia suali hili ni Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, inavukia hapo. Na ng'ambo ya mpaka, kwa mwendo wa miguu, upo mji wa Nakonde. Tangu 2019 nchi mbili hizo zina kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, na malori hupanga foleni mchana na usiku. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wasiofika 100,000 katika halmashauri ya mji wa Tunduma. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 219,000. Mji unaozidi mara mbili kwa miaka kumi haukui kwa uzazi peke yake. Watu wamehamia, na kila aliyehamia amekuja na ulimi wake: Wanyiha kutoka nchi ya kahawa ya Mbozi, Wandali na Walambya kutoka milima ya Ileje, Wanyakyusa na Wasafwa kutoka Mbeya, Wabemba kutoka Zambia, wote wakiwakuta wenyeji wao Wanyamwanga, ambao mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza uliwaacha nusu huku na nusu kule.

Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kituo cha mabasi na kwenye dirisha la kubadilishia fedha. Lakini soko si nyumba. Wapo watoto wa mji huo, na khasa wa vijiji vya Momba vinavyouzunguka, ambao hukisikia Kiswahili kikipita njiani na kukikuta uso kwa uso siku ya kwanza ya skuli. Darasa hilo la kwanza, ambalo Visiwani huitwa maandalizi na Bara huitwa la awali, hufundishwa kwa Kiswahili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ililifanya kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na kuanzia Januari 2016 ada zikaondoshwa katika skuli za serikali. Watoto wakafurika, na kufurika kwao ni jambo la kushukuriwa, kwani kila mmoja wao ni mtoto ambaye zamani angalibaki nyumbani. Hata hivyo walimu hawakufurika kwa kadiri hiyo. Kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, nacho kwa miaka mingi kimekuwa kikizidiwa kwa mbali na hali halisi ya madarasa ya nchi.

Hesabu yake ni nyepesi. Darasa likiwa na watoto 80 na muda wa mazungumzo ukawa saa moja, fungu la kila mtoto halifiki dakika moja, na hapo mwalimu mwenyewe awe hakusema neno. Mwalimu wa namna hiyo, hata awe hodari vipi, hulazimika kufundisha kwa kiitikio: yeye hutamka na darasa zima huitikia. Kiitikio kina faida zake, kwani kinazoeza ulimi na kinawapa watoto waoga pahala pa kujificha mpaka wapate ujasiri. Lakini mtoto anayeitikia pamoja na wenzake 80 hajaulizwa kitu, na asiyeulizwa hajui kwamba ana la kujibu.

Ndipo anapoingia mwenye kujitolea. Huenda akawa kijana wa mtaa aliyemaliza kidato cha nne, mama aliyepata nafasi baada ya mavuno, au mwalimu mstaafu asiyeweza kuzoea ukimya wa nyumba yake. Huwachukua watoto wanane au kumi, akakaa nao juu ya mkeka pembeni mwa darasa au chini ya mti. Ana picha ya ng'ombe, mfuko wa vifuniko vya chupa na hadithi moja kichwani. Anauliza, kisha anangoja. Anayempitia kwa mbali anaweza kudhani kwamba hapana kazi inayofanyika hapo.

Kazi ipo, na wataalamu wameibishania kwa muda mrefu. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani, Betty Hart na Todd Risley, walitoa kitabu kilichotokana na kuzitembelea familia 42 katika jimbo la Kansas, saa moja kwa kila mwezi kwa muda wa takriban miaka miwili na nusu, wakihesabu maneno ambayo watoto wadogo waliambiwa. Walikisia kwamba mtoto wa familia fukara hufika umri wa kuingia skuli akiwa amesikia maneno pungufu kwa milioni 30 kuliko mtoto wa familia yenye uwezo. Hesabu hiyo ilienea duniani, na kwa wengi ikageuka kuwa picha ya mtungi na maji: watoto wa masikini ni mitungi mitupu, basi watafutwe watu wema wa kuijaza. Mwaka 2018 watafiti wengine, Douglas Sperry na wenzake, waliichungua upya kwa kutazama jamii tano mbali mbali, wakaona kwamba pengo lile halikujitokeza kama lilivyodaiwa, khasa pale walipohesabu pia maneno ya shangazi, ndugu, jirani na watu wazima wanaozungumza mbele ya mtoto. Katika mwaka huo huo Rachel Romeo na wenzake, waliochunguza watoto 36 wa umri wa miaka minne hadi sita, walieleza kwamba kilichofungamana na uwezo wa mtoto katika lugha, na hata na namna ubongo wake unavyofanya kazi anaposikiliza hadithi, ni zamu za mazungumzo baina yake na mtu mzima kuliko wingi wa maneno anayomiminiwa.

Zamu ndilo neno la kushikwa hapa. Bibi aliyekaa na mjukuu wake jikoni amelijua jambo hilo bila ya kupimwa. Hamhubirii mtoto. Humuuliza moto umezimwa na nani, mtoto akajibu nusu ya jibu, bibi akaichukua nusu hiyo akairudisha ikiwa imekamilika, na mtoto akaichukua tena. Maneno huenda na kurudi kama ndoo kisimani. Mtoto hukua katika lugha kwa sababu kuna mtu mzima anayelichukulia neno lake kuwa ni neno.

Basi akirudi msomaji kwenye ule mkeka wa Tunduma, ataona kwamba mwenye kujitolea anaweza kukosea kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kukosea kazi: akawa mwalimu wa pili wa kiitikio, mwenye kundi dogo lakini tabia ile ile. Ya pili ni kumkosea mtu, nayo ndiyo nzito. Ni pale anapomtazama mtoto aliyenyamaza na kusema moyoni, au mbele ya wenziwe, kwamba mtoto huyu hana lugha.

Mtoto huyo ana lugha. Ikifika saa ya kucheza, yeye aliyekuwa bubu darasani huwa msemaji uwanjani. Anagawa zamu za mpira, anadai haki yake, anatania, anaapa. Anayafanya hayo kwa Kinyamwanga au kwa Kinyiha, na anayafanya kwa usahihi. Lugha hizo ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Zina ngeli kama zake, na zina vitenzi vinavyonyambuliwa kwa viambishi kama vyake. Mtoto wa miaka mitano anayesema Kinyamwanga amekwisha kujua, bila ya kujua kwamba anajua, kwamba jina la kitu hutawala maneno yanayolifuata, na kwamba kutenda na kutendea si jambo moja. Anachokikosa ni kauli za Kiswahili za kuyatia hayo anayoyajua. Kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba hana kitu ni kumsemea uongo, na uongo anaoambiwa mtoto kuhusu nafsi yake huwa mgumu kuung'oa, kwa sababu hana bado hoja ya kuukanushia.

Mpaka wenyewe unatoa ushahidi. Kuanzia 2014 Zambia iliagiza kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha za nchi, na ikachagua saba kwa mujibu wa maeneo. Kwa eneo la Nakonde lugha hiyo ni Kibemba. Hivyo wajukuu wawili wa bibi mmoja wa Kinyamwanga, mmoja akikaa huku na mwengine kule, waliweza kuamka asubuhi moja na kwenda skuli mbili, huyu akakutana na Kiswahili, yule na Kibemba, na hakuna hata mmoja aliyekutana na lugha aliyoagwa nayo mlangoni. Serikali zote mbili zilikuwa na sababu zake, na sababu hizo si za kubezwa. Lakini aliyeukata ukoo ule kwa mstari hakuukata kwa mujibu wa lugha, na watoto hawakuulizwa. Mtoto wa Nakonde hana upungufu wa Kiswahili na mtoto wa Tunduma hana upungufu wa Kibemba. Kila mmoja ana upungufu wa kile tu ambacho skuli yake imeamua kumdai. Upungufu, basi, haumo ndani ya mtoto. Umo baina yake na dai.

Hapa mtu mwenye busara anaweza kupinga, na pingamizi yake isikilizwe. Atasema: maneno hayo ni matamu kwa watu walioshiba. Mtoto wa Momba asiposhika Kiswahili mapema hatosoma darasa la kwanza akaelewa, asipoelewa ataacha, akiacha, mlango wa hospitali, wa mahakama na wa ajira utamtazama kwa jicho baya maisha yake yote. Mwenye kujitolea ana saa moja tu kwa siku. Akiitumia saa hiyo kumsifia mtoto lugha ya kwao, atakuwa amemwibia fukara ngazi yake kwa jina la heshima.

Pingamizi hiyo ni ya kweli kwa kila neno linalokihusu Kiswahili. Hapana hisani katika kumnyima mtoto lugha ya taifa lake, lugha ambayo imewawezesha Watanzania wa makabila zaidi ya 100 kuzozana na kupatana bila ya mkalimani. Kosa la pingamizi hiyo ni kudhani kwamba njia ya kufikia Kiswahili inapita juu ya kaburi la Kinyamwanga. Saa moja ya mkekani inatosha kuonyesha kinyume chake. Mwenye kujitolea ananyanyua picha na kusema, huyu ni ng'ombe. Kisha anauliza, nawe kwenu mnamwitaje? Mmoja anajibu kwa Kinyiha, mwengine kwa Kindali, wa tatu kwa Kibemba. Wanacheka kwa kuwa maneno yao yanafanana, na wanabishana kwa kuwa hayafanani. Wakati huo wote wanabishana kuhusu ng'ombe, na wanabishania kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho pekee walichonacho kwa pamoja. Hakuna aliyewaamuru wakitumie. Wamekihitaji.

Katika suali lile dogo, kwenu mnamwitaje, ndimo ulimo mzizi wa jambo zima. Aliyekuja kutoa amegeuka kuwa mwombaji. Amekiri mbele ya watoto kwamba liko jambo wanalolijua wao na yeye halijui, na kwamba yuko tayari kulipokea. Mtoto ambaye neno lake limepokewa na mtu mzima hupata sababu ya kulipokea neno la mtu mzima huyo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Husemwa kwa ajili ya fukara anayetoa kidogo alicho nacho. Inafaa kukumbukwa kwamba fukara huyo anaweza kuwa mtoto, na kwamba kumzuilia asitoe ni kumnyang'anya moyo.

Watu wa Visiwani hawana haki ya kulitazama jambo hili kama habari ya mbali ya Bara. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifu. Hata hivyo Unguja si mji wake peke yake. Mtoto wa Makunduchi aliyelelewa kwa Kikae, na mtoto wa Tumbatu na wa Pemba, nao walifika skuli wakasahihishwa kwa maneno waliyonyonyeshwa nayo, na kwa miaka mingi wapo waliojifunza kuona haya kabla ya kujifunza kuandika. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limezitungia kamusi lahaja hizo, na kamusi ni heshima kubwa. Lakini kamusi hukaa kabatini. Heshima ambayo mtoto huifahamu ni ile inayokaa usoni mwa anayemsikiliza.

Vivyo hivyo Visiwani kuna mafunzo ya kukopeshana na Tunduma. Katika miaka ya 1980, Waislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wapate malezi ya skuli bila ya kuipoteza dini yao, na Bi Swafiya Said akaanza kuwafundisha wanawake wa mitaa hiyo hiyo kuwa walimu wa skuli za awali zilizofungamana na madrasa. Mpango huo, uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, ulifika Zanzibar mwaka 1990. Baadaye vituo vya Tucheze Tujifunze, ambavyo watu huviita TuTu, navyo vilitegemea watu wa kijijini kuwaongoza watoto pamoja na vipindi vya redio. Huko Bara, katika mikoa kama Mara na Simiyu, ulitumika mpango wa kumchagua mtu wa kijiji, aliyeitwa mwalimu jamii, awaandae watoto kwa wiki chache kwa hadithi na michezo kabla ya kuingia skuli. Mipango hiyo imetofautiana kwa mengi, lakini imekutana katika jambo moja. Anayekaa na mtoto ni mtu anayekijua kisima cha kijiji, anayemjua mama wa mtoto, na ambaye mtoto akiteleza kwenye lugha ya kwao huielewa.

Limebaki suali la pili, nalo ni la deni. Zanzibar, kwa sera yake ya 2006, iliyaingiza maandalizi katika elimu ya lazima. Bara ikafanya hivyo kwa sera ya 2014. Jambo likishaitwa la lazima, yupo anayedaiwa. Mtoto wa Tunduma hana ombi kwa dola, ana haki. Na haki ikilipwa kwa sadaka ya mtu mwengine, deni halijalipwa, limefunikwa.

Nchi hii inalijua jambo hili kwa uzoefu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengi wa waliowashika mkono wazee kuwafundisha kusoma hawakuwa walimu kwa kazi. Lilipotoka Azimio la Musoma mwaka 1974, likitaka watoto wote wa umri wa skuli wawe wameingia ifikapo 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walipewa chaki na kutumwa madarasani huku wakiendelea kujifunza ualimu. Historia ya miaka ile haiwezi kusemwa kwa kuwadharau watu hao. Walibeba mzigo ambao hapana mwengine aliyekuwapo wa kuubeba. Lakini ni historia hiyo hiyo inayofundisha kwamba dharura huzoeleka, na kwamba mzigo uliobebwa kwa hiari mwaka wa kwanza huitwa desturi mwaka wa tatu na huitwa wajibu mwaka wa kumi.

Leo hali hiyo ina sura nyengine. Wako wahitimu wa ualimu, wenye vyeti kamili, wanaofundisha kwa kujitolea katika skuli za serikali huku wakisubiri ajira, wakiishi kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi, au bila ya hiyo. Hapa lugha inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu neno moja limetumika kwa mambo mawili. Mstaafu anayekwenda mkekani saa moja kwa siku, kisha akarudi kwake akala, anajitolea. Kijana anayefundisha kutwa nzima kwa matumaini ya kuajiriwa, akilala bila ya kujua kodi ya chumba itatoka wapi, hajitolei. Anakopesha, na anayekopa hajaandika. Kumsifia kijana huyo kwa uzalendo ni rahisi kuliko kumlipa. Na mtoto, ambaye ndiye mtendewa wa kitenzi hiki, huhisi tafauti hiyo, maana mwenye njaa hana subira ya kulingoja jibu la mtoto.

Basi hisani ya kweli ya darasani ina mpaka wake, na ni wema kuutaja. Inaongeza juu ya kile kinachodaiwa, haikishiki nafasi. Mwenye kujitolea anayejua mpaka huo hatomwambia mwalimu mkuu kwamba sasa darasa halina shida ya mwalimu. Atakuwa wa kwanza kusema kwamba shida ipo, kwa kuwa yeye ameiona kwa macho yake kutoka pale mkekani. Hisani isiyosema hivyo huzaa masimbulizi, ama ya mtoaji anayedai shukrani, ama ya wakubwa wanaowaambia wazazi wanyamaze kwa kuwa watoto wao wanasaidiwa bure.

La tatu na la mwisho ni kuondoka. Kila mwenye kujitolea ataondoka siku moja, na hilo si kosa. Kosa ni kuahidi kwa wingi na kutimiza kwa uchache. Mtoto anayejifunza lugha hujifunza kupitia mtu, na mtu huyo akitoweka ghafla, maneno hubaki lakini imani iliyoyabeba huvunjika. Mtoto hana elimu ya mikataba ya miezi mitatu. Yeye anajua tu kwamba yupo mtu aliyekuwa akimuuliza, na sasa haulizi. Hapo ndipo kujitolea kunapoangusha ile silabi yake na kurudi kuwa kujitoa. Heri yule anayeahidi asubuhi moja kwa wiki na kuja kila wiki hiyo, mvua na jua, akiwaambia watoto mapema siku yake ya mwisho, na akimwachia mwenyeji mkeka na hadithi zake, kuliko anayekuja kila siku kwa mwezi mmoja kama mafuriko na kuacha tope.

Kwa kipimo gani, basi, atajua mtu kama kujitolea kwake kumefika? Idadi ya maneno ambayo mtoto anaweza kuyatamka ni kipimo cha nusu. Pana kipimo cha kale kilicho kamili zaidi, nacho kimo katika mchezo ambao watoto wengi wa nchi hizi wanaujua, kila mmoja kwa lugha yake. Anayetega kitendawili hulazimika kungoja jibu, na anayeshindwa kukitegua hudaiwa mji. Katika mchezo huo mdogo na mkubwa ni sawa. Mwenye kujua huuliza na asiyejua hulipa.

Siku mtoto aliyefika kimya atakapokaa kwenye mkeka ule wa Tunduma na kusema kwa Kiswahili chake kinachochechemea kwamba ana kitendawili, wenziwe wakamwambia atege, akakitega kile alichofunzwa na bibi yake kwa Kinyamwanga, akakipitisha mwenyewe kutoka lugha hadi lugha bila ya mtu kumsaidia, na yule aliyekuja kumfundisha akawaza, akakisia, akashindwa, mtoto atadai mji wake. Apewe Mbeya, aikatae kwa kuwa hajaiona. Apewe Nakonde, aipokee, kwa kuwa anayo shangazi huko.

Na akishapewa, ataendelea kusimulia jibu, naye mtu mzima atanyamaza amsikilize.